Kelele za Vali Baada ya Kubadili Kamshafti: Ipi ya Kuvumilia, Ipi ya Kuzimia Injini

Kelele yoyote ya vali ni kelele ya nafasi. Pale chuma kimoja kinaposafiri kidogo kabla ya kukigusa kingine, panagonga, na mgongano huo ndio tunaousikia juu ya kava. Injini nyingi zimeachiwa nafasi hiyo kwa makusudi, maana vali ikipata moto hurefuka, na isipokuwa na pa kurefukia haitafunga. Kwa hiyo kuuliza kama injini inalia au hailii hakumsaidii mtu. Swali lenye maana ni hili: nafasi inayolia ni ile aliyoiacha fundi kwa kipimo, au ni nyingine inayojifungua yenyewe kwa sababu kuna kitu kinalegea au kinalika?

Ukitoa kamshafti ya kiwandani (ile shafti yenye nundu zinazofungua vali) ukaweka ya kuongeza nguvu, nafasi zote mbili zinaweza kuingia siku moja. Kamshafti mpya ina haki ya kulia kuliko ile ya zamani. Papo hapo umefungua na kufunga bolti na nati ambazo pengine hazijaguswa kwa miaka mingi. Mwenye gari akirudi kulalamika huambiwa, "Hiyo ni sauti ya kamu, utaizoea." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ni bolti ya sproketi, lile gurudumu la meno linalovaa cheni, inayojifungua kidogo kidogo, na hakuna atakayejua mpaka vali zigongane na pistoni njiani, mbali na gereji yoyote.

Nitaeleza zaidi kwa mfano wa injini ya Toyota 22R. Ndiyo iliyo ndani ya baadhi ya Hilux za miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 ambazo bado zinafanya kazi mkoani Kigoma, zikibeba dagaa kutoka Kibirizi, mawese, na chumvi ya Uvinza. Pia ni injini ambayo kamshafti zake za kuongeza nguvu zimetengenezwa kwa wingi, hasa Marekani, kwa hiyo kijana mwenye simu na akiba kidogo anaweza kuiagiza, ikapitia Dar es Salaam na kupanda basi hadi huku. Ni injini ya silinda 4 yenye sentimita za ujazo 2,366, kamshafti moja juu ya hedi (kichwa cha injini) inayozungushwa na cheni, na roka 8, yaani mikono inayosukuma vali, zenye skrubu na loki nati. Kila kitu kinachoweza kulegea kinaonekana na kinapimika, kwa hiyo inafaa kufundishia.

Kwanza kamshafti yenyewe. Ukiitazama nundu moja kwa makini utaona sehemu ya duara, ambayo roka ikiwa juu yake vali imefunga. Kutoka kwenye duara hilo kuna mteremko mdogo sana, karibu hauonekani kwa macho. Kazi yake ni kuimaliza taratibu nafasi ya tapeti, yaani pengo kati ya skrubu ya roka na ncha ya vali, ili roka iiguse vali kwa upole kabla ya kuanza kuisukuma. Kisha ndiyo unakuja mwinuko wa nundu. Kamshafti ya kuongeza nguvu huinua vali juu zaidi na kuiacha wazi kwa digrii nyingi zaidi. Umbali umeongezeka, muda haukuongezeka kwa kiasi hicho, basi mwinuko unakuwa wa ghafla na vali inarudi kwenye siti yake kwa kasi kubwa. Juu ya hapo springi huwa ngumu zaidi, kwa sababu springi za kiwandani zikishindwa kuifuata nundu kwenye mizunguko mingi, vali huelea na kuanza kupigapiga. Vyote hivi vinaongeza sauti hata kazi ikiwa imefanyika vizuri kabisa.

Sauti hiyo halali ina tabia zake. Inatoka kwenye vali zote kwa usawa. Inakuwa ile ile leo na mwezi ujao. Haiji ghafla. Sauti ikivunja sharti moja kati ya hayo, mimi siiiti tena sauti ya kamu.

Sasa nafasi ya tapeti. Kwa 22R ya kiwandani kitabu kinataka milimita 0.20 kwenye vali za inteki na 0.30 kwenye za ekzosti, injini ikiwa ya moto. Ekzosti inapewa zaidi kwa sababu ndiyo inayopitisha moshi uwakao na hurefuka zaidi. Lakini namba hizi ni za kamshafti ya kiwandani. Aliyechonga kamshafti yako ndiye anayejua mteremko wake una kimo gani, na huandika nafasi anayoitaka kwenye karatasi inayokuja ndani ya boksi. Karatasi hiyo ni sehemu ya kamshafti. Nimeona kamshafti nzuri zikifika bila karatasi kwa sababu muuzaji wa kati alilitupa boksi, na fundi akaseti kwa namba za kitabu cha Toyota. Ukiacha nafasi kubwa kuliko mteremko unavyoweza kuimaliza, roka inairuka sehemu ya upole na kuipiga vali pale mwinuko unapoanza kasi. Inalia, na kila mlio unapiga nyundo kwenye skrubu, kwenye ncha ya vali na kwenye siti.

Hata ukiwa na namba sahihi, fila geji, kile kibamba cha kupimia pengo, inaweza kukudanganya. Ncha ya skrubu ya tapeti iliyotumika muda mrefu hulika ikawa na kishimo kinachofanana na ncha ya vali. Bamba la fila geji ni bapa, kwa hiyo linakaa juu ya kingo za kishimo na kuacha pengo lisilopimwa chini yake. Unasoma 0.20, kumbe ni zaidi. Fundi anaseti, kelele ipo. Anaseti tena, kelele ipo. Halafu anamlaumu aliyechonga kamshafti. Skrubu ni kitu cha bei ndogo. Unapoweka kamshafti mpya, ncha zikiwa na kishimo badilisha, na uso wa roka unaosugua kwenye nundu ukiwa na mikwaruzo au wimbi usiirudishe roka hiyo. Roka iliyolika itaila kamshafti mpya ndani ya siku chache.

Kuna pia kamshafti zilizochongwa upya kutoka zile za zamani. Ili kupata nundu ndefu kutoka kwenye chuma kile kile, mchongaji hupunguza duara la chini. Roka sasa inashuka upande wa kamu na kupanda upande wa vali, na skrubu inabidi ishushwe zaidi ili iifikie vali. Inagusa ncha ya vali kwa pembe tofauti, pengine pembeni badala ya katikati, na kila ikisukuma inaisukuma vali upande. Gaidi ya vali, kile kibomba inamotelezea, hulika, na kelele inazaliwa mahali ambapo tapeti hata ikisetiwa vipi haitafika. Paka rangi kidogo kwenye ncha ya vali, zungusha injini kwa mkono mara kadhaa, kisha angalia alama imekaa wapi. Dakika chache hizo zinaokoa hedi.

Kabla hatujaenda kwenye bolti nisisitize jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Injini iliyo kimya kupita kiasi baada ya kuseti inatisha kuliko inayolia kidogo. Dereva anataka ukimya, fundi anabana tapeti ili ampendeze, na vali ya ekzosti inabaki imeachama kwa unywele injini ikipata moto. Vali hupoa kwa kugusa siti yake. Isipogusa sawasawa, inaungua ukingo, kompresheni inashuka, na gari linaanza kumisi kwenye silinda moja.

Bolti zina hadithi ndefu zaidi, na naona ndizo zinazoeleweka kidogo katika gereji zetu. Wengi tunaamini bolti inashikilia kwa sababu imekazwa sana kwenye nyuzi. Ukweli ni kwamba bolti inashikilia kwa sababu imevutwa. Unapoikaza, mwili wake unarefuka kiasi kidogo sana, kama mpira wa manati uliovutwa, na hamu yake ya kurudi ndiyo inayovibana vyuma viwili pamoja. Bolti isiyovutwa haishikilii kitu hata ikiwa haizunguki kwa vidole.

Tatizo ni kwamba mkono wako hauhisi mvuto huo. Unahisi msuguano. Katika nguvu yote unayoiweka kwenye spana, takriban asilimia 90 huishia kwenye msuguano wa chini ya kichwa cha bolti na wa nyuzi, na takriban 10 tu ndiyo inayoivuta bolti. Badilisha msuguano kidogo, na matokeo yanabadilika sana. Chukua bolti ya milimita 8, ukubwa unaokutana nao sana juu ya hedi. Ikiwa kavu na ukaikaza kwa nyutoni mita 20, hubana kwa nguvu ya nyutoni 12,500 hivi, sawa na uzito wa kilo zipatazo 1,270. Paka nyuzi oili, kaza kwa kipimo kile kile, na nguvu inaweza kupita nyutoni 16,500. Kwenye hedi ya alumini tofauti hiyo inatosha kuzing'oa nyuzi. Na nyuzi zikiwa na kutu au vumbi jekundu, inatokea kinyume chake: spana inagoma, mkono unasema imekaza, kumbe bolti haijavutwa hata nusu. Hiyo ndiyo itakayolegea.

Kwa hiyo ninapoona kamshafti ya bei kubwa ikifungwa kwa boksi spana na kipande cha bomba, nasikitika. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, si anasa. Gereji tatu zinaweza kuchanga na kumiliki moja. Ikiwa haipo, iazime kwa siku hiyo, hata kama ni kwa fundi wa malori. Na kabla ya kuitumia, safisha nyuzi na mashimo, soma kama kitabu kinataka bolti kavu au yenye oili, kisha fuata hivyo.

Mwaka 1969 mhandisi wa Kijerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwa majaribio kwamba adui mkubwa wa bolti ni mtikisiko wa kukata upande, kuliko ule wa kuivuta kwa urefu wake. Vyuma vilivyobanwa vikianza kuteleza kidogo upande upande, msuguano wa chini ya kichwa na wa nyuzi unapotea kwa nukta za muda, na mvuto wa bolti yenyewe unaizungusha kuelekea kujifungua. Majaribio ya aina hiyo yalionyesha pia kwamba washa ya springi, ile iliyokatwa ambayo tumelelewa tukiiamini, haizuii jambo hilo. Dawa ni bolti kuvutwa kiasi cha kutosha ili vyuma visiteleze kabisa.

Sasa peleka maarifa hayo mbele ya hedi ya 22R, kwenye bolti moja inayoibana sproketi ya cheni kwenye kamshafti. Kila nundu inapoifungua vali, springi inaikataa na kamshafti inakwama kidogo. Nundu ikivuka kilele, springi hiyo hiyo inaisukuma kamshafti mbele. Kwa hiyo kamshafti haizunguki kwa ulaini. Inavutwa na kusukumwa mara nyingi kila sekunde, na sproketi inatamani kuteleza juu ya uso iliobanwa nao. Huo ndio mtikisiko wa upande alioupima Junker. Weka springi ngumu na nundu ndefu, na mvutano huo unaongezeka. Bolti iliyovumilia kukazwa ovyo na kamshafti ya kiwandani inaweza isivumilie kwa kamshafti mpya. Hapo ndipo kuongeza nguvu na usalama wa bolti vinapokutana, na ndiyo sababu siwezi kukubali bolti ile ikazwe kwa kubahatisha. Kipimo chake kwenye 22R ni takriban nyutoni mita 78. Ikilegea, pini ya sproketi inaanza kulika, taimingi inachezacheza, na unasikia mgongano mzito mbele ya injini unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta.

Gundi ya bolti inasaidia, ikitumiwa mahali pake. Ile ya Loctite ilitokana na kazi ya profesa wa kemia, Vernon Krieble, huko Hartford, Marekani, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1953. Inaganda ikikosa hewa na ikigusa chuma, ndiyo maana inabaki maji ndani ya chupa na kuwa ngumu ndani ya nyuzi. Inahitaji nyuzi safi zisizo na oili. Fundi anayeipaka juu ya bolti iliyotoka kuoga oili ameipoteza. Ya buluu, yenye nguvu ya wastani, hufunguka kwa spana ya kawaida. Nyekundu kwa kawaida huhitaji moto, na kwenye hedi ya alumini huo ni mwaliko wa kuvunja. Usiipake kwenye bolti ambazo kitabu kinataka ziwe na oili, wala pale ambapo tone likishuka litaziba tundu la oili. Na haijazi upungufu wa toki. Bolti isiyovutwa iliyogandishwa kwa gundi bado haijavutwa.

22R ina mtego wake mwingine ambao lazima niutaje, kwa sababu umewaumiza wengi. Shafti za roka zimefungwa kwa bolti zile zile za hedi. Ukitaka kutoa kamshafti unafungua roka, na ukifungua roka umeifungulia hedi nzima. Hata usipoinyanyua, gasketi iliyokuwa imebanwa kwa miaka imeachiwa. Wapo wanaoirudisha hivyo hivyo na kubahatisha. Mimi nasema anayefungua roka za 22R anunue gasketi mpya ya hedi kabla hajashika spana. Anapoinyanyua hedi akumbuke bolti ndogo ya mbele, iliyojificha chini ya dimbwi la oili mbele ya sproketi, inayoshika kava ya cheni. Asiyeijua hupasua kitu akilazimisha. Wakati wa kurudisha, mashimo ya bolti za hedi yawe hayana maji wala oili, kwa sababu kimiminika kilichonaswa chini ya bolti hakibanwi, kinapasua bloku au kinaidanganya spana. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, hadi kipimo kile kile cha 78 hivi. Bolti hizo ndizo pia zinazoshika roka zinazosukumana na springi ngumu, kwa hiyo upungufu wake utausikia kwa namna mbili: kelele juu na maji yanayopungua.

Kamshafti iliyo chini ya vifuniko vya beringi iwe na heshima yake pia. Kwenye injini ambazo nundu hukaa moja kwa moja juu ya vali, springi zinaisukuma juu bila usawa. Ukikaza kifuniko kimoja hadi mwisho kabla ya vingine, unaikunja shafti, na alumini inaweza kupasuka. Nusu raundi kwa kila bolti, ukirudia, mpaka kamshafti ikae yote kwa pamoja.

Loki nati za tapeti zinaonekana ndogo, ila ndizo zinazolegea mara nyingi baada ya kazi hii. Sababu kubwa ni namna ya kukaza: fundi anapata nafasi sahihi, anashika nati kwa spana, skrubu inazunguka nayo kidogo, nafasi inabadilika. Anaposikia bado inalia, anafungua tena, na nati inachoka. Shika skrubu kwa bisibisi isicheze, kaza nati, kisha pima upya ikiwa imekazwa. Kipimo cha kabla ya kukaza hakihesabiki.

Basi, gari limewaka na linalia. Mzee mwenye Hilux amesimama pembeni, "Kijana wangu, hii kelele ilikuwepo kabla?" Jibu la heshima ni, "Mzee, nipe muda niisikilize," na kweli uisikilize.

Anza na mdundo. Kamshafti huzunguka nusu ya mwendo wa krenkshafti, ile shafti kuu ya chini inayozungushwa na pistoni. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa, kwa mizunguko 800 kwa dakika, vali moja yenye nafasi kubwa itagonga mara 400, yaani karibu mara 7 kwa sekunde. Kugonga kwa koneki, mkono unaounganisha pistoni na krenkshafti, chini kunaendana na krenkshafti, karibu mara 13 kwa sekunde, na kuna uzito wa kifua. Chomoa waya wa plagi moja moja: kugonga kwa koneki hupungua au kubadilika, tiki ya vali haijali. Weka mpini wa bisibisi ndefu sikioni na ncha yake kwenye kava, sogeza kutoka silinda hadi silinda. Ukifika mahali pabaya utapajua.

Moshi unaovuja kwenye manifoldi ya ekzosti unaweza kulia tiki tiki ukamdanganya hata fundi mzoefu, hasa kama manifoldi ilifunguliwa wakati wa kazi. Mara nyingi hupungua chuma kikipata moto na kujaza pengo. Kelele ya mbele inayokwaruza kwa sekunde chache injini ikiwashwa baridi, kwenye 22R, itakupeleka kwenye cheni. Gaidi zake za plastiki huvunjika kwa uzee, kisha cheni huanza kuikata kava mpaka inatoboa njia ya maji, na maji yanaingia kwenye oili. Aliyebadili kamshafti bila kutazama gaidi ameacha kazi katikati. Kelele ya chuma kinachogonga kwa kasi kubwa tu, ukikanyaga sana, ni mbaya kuliko zote: huenda vali zinaelea, au springi inajibana hadi koili zinagusana, au vali inaibusu pistoni. Nafasi kati ya vali na pistoni ilipaswa kupimwa kabla kwa plastisini juu ya pistoni, na wengi huridhika na angalau milimita 2 kwa inteki na 2.5 kwa ekzosti. Ukisikia kelele hiyo, zima. Usiendelee kuikanyaga ili fundi asikie vizuri.

Lakini sikio lina mwisho wake, na hapo namba zinaingia. Andika nafasi za vali zote 8 kwenye daftari siku ya kazi. Zipime tena baada ya kilomita mia chache. Ikiwa vali moja imeongezeka nafasi na loki nati yake inazunguka kirahisi, umepata mkosaji. Ikiwa nati iko imara lakini nafasi imekua, nundu au roka inalika, na kuseti tena ni kuficha ugonjwa. Fungua, angalia, tazama oili kama ina unga wa chuma. Ikiwa nafasi imepungua, vali inazama kwenye siti yake, na kadiri muda unavyopita injini itakuwa kimya zaidi huku ikiharibika. Mambo haya matatu yanataka matibabu tofauti kabisa, na sikio peke yake haliwezi kuyatenganisha.

Kulika kwa nundu mara nyingi huamuliwa katika dakika 20 za kwanza. Roka za 22R zinasugua nundu, hazina rola. Kabla ya kufunga, paka nundu na nyuso za roka mafuta mazito ya kuundia injini, si oili nyepesi inayotiririka usiku. Hapa Kigoma tuna mfano wa chuma kilichohifadhiwa hivyo: meli ya Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kuletwa vipande vipande, ilipozamishwa mwaka 1916 injini zake zilikuwa zimepakwa grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Injini yako haitakaa chini ya maji, ila zile sekunde za mwanzo kabla oili haijafika juu zinaihusu. Ikiwaka, ishike kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika kwa takriban dakika 20, ukiangalia joto na presha ya oili. Kuiacha iungurume taratibu huku ukishangilia kunainyima oili wakati inapoihitaji kuliko wakati wowote.

Mantiki hii inafaa injini nyingine pia, kwa mabadiliko. Probox au IST yenye 1NZ-FE haina skrubu wala loki nati. Nafasi yake, milimita 0.15 hadi 0.25 kwa inteki na 0.25 hadi 0.35 kwa ekzosti injini ikiwa baridi, hupatikana kwa kuchagua vikombe vya unene tofauti. Humo kelele baada ya kufungua kamshafti itafute kwenye kikaza cheni, kwenye sproketi ya VVT-i (inayobadili taimingi ya vali injini ikifanya kazi) na kwenye vikombe vilivyorudishwa mahali pasipo pake. Pikipiki zilizoiga Honda CG125 ya mwaka 1976 zina pushi rodi na skrubu. Honda yenyewe inataka 0.08 kwa vali zote mbili, injini ikiwa baridi, na vijana wa bodaboda wanaozibana ili zisilie wanaunguza vali kwa njia ile ile niliyoeleza.

Kuna swali la kujiuliza kabla hujanunua. Kamshafti kubwa huhamisha nguvu kuelekea mizunguko ya juu na kuipunguza chini. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukitoka ufukweni kwenda Mwandiga hadi Manyovu unapanda vilima ukiwa na mzigo. Gari la kazi linahitaji nguvu ya chini, pale gia ya pili inapohangaika. Kwa gari hilo ningechagua kamshafti ya kiasi, yenye nundu ndogo, inayoweza kufanya kazi na springi zisizo ngumu sana. Inalia kidogo, inazitesa bolti kidogo, na inapanda mlima. Kubwa waachie wanaoendesha kwa kasi barabara tambarare.

Baada ya kilomita 500 hivi za kwanza, injini ikiwa imepoa, fungua kava. Weka spana ya toki juu ya bolti ya sproketi kwa kipimo chake uone kama inasogea. Fuata maelekezo ya mtengenezaji wa gasketi kuhusu kukaza tena hedi, kwa sababu gasketi nyingine zinataka na nyingine zinakataa. Kisha iwashe ipate moto, pima tapeti zote na uandike namba mpya pembeni ya zile za zamani. Mwaga oili ya mwanzo ukiichuja kwenye kitambaa cheupe. Bolti iliyosogea, hata robo raundi, ifungue kabisa. Angalia chini ya kichwa chake kama kuna rangi, gasketi iliyobaki au ukingo wa chuma uliolalia pale, kwa kuwa hivyo hukandamizika vikipata moto na bolti hupoteza mvuto wake bila hata kuzunguka. Safisha, rudisha, kaza kwa kipimo, na uipime tena yenyewe baada ya kilomita nyingine mia chache.